Kipimo Kimoja, Wamama Tisini

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane

Nimemaliza shule. Sasa ninajifunza kushona kwa tantine Nshobole, shangazi mwenye duka la ushonaji hapa Katindo. Leo imeingia kazi kubwa: kwaya ya wamama wa parokia inataka blauzi za kitenge kwa sikukuu ya Bikira Maria, tarehe 15. Wamama tisini! Tantine anakwenda Bukavu kwenye matanga, atarudi Jumapili. Ametuachia kazi mimi na mwenzangu Aurélie. Amesema atakayeonyesha akili atapewa meza ya kukata, kule chumba cha nyuma. Mwingine atakaa mlangoni kupokea wateja na kuwapima.

Mlangoni. Kuzungusha mita kwenye kifua cha mama nisiyemjua, huku ananiuliza nitaolewa lini. Hapana. Meza lazima iwe yangu. Aurélie hana haya. Akisalimia ukuta, ukuta unaitikia. Mlango unamfaa yeye.

Jumanne, tarehe 6

Mpango umepatikana. Mwaka wa sita tulisoma intervalle de confiance. Huna haja ya kupima watu wote. Unachagua wachache kwa kura, unawapima, unatafuta wastani, kisha unahesabu mpaka wa chini na mpaka wa juu. Kati ya mipaka hiyo una uhakika wa asilimia tisini na tano. Uhakika wa nini hasa, sikumbuki vizuri. Lakini asilimia tisini na tano ni nyingi.

Nimeandika majina tisini kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya sufuria, nikachomoa ishirini na tano. Aurélie akauliza kama leo tunakula wamama. Sayansi haijibu kila mutu.

Jumatano, tarehe 7

Nimepima ishirini na tano wangu kwenye mazoezi ya kwaya, macho yangu yakiwa sakafuni. Mama Thérèse, mkubwa wa kwaya, mfanyabiashara wa Butembo mwenye sauti ya kusimamisha lori, aliuliza zamu yake ni lini. Nikamwambia polepole kwamba kura haikumtoa. Akauliza kama na nguo yake pia itatoka kwa kura. Wote wakacheka. Nikatamani kuingia ndani ya harmonium, kinanda chao.

Jioni nimehesabu. Wastani wa kifua: sentimita 100. Mpaka wa chini 95, wa juu 105. Sentimita kumi tu! Sikutegemea. Ukiitazama kwaya kwa macho, mama Charline ni mshumaa na mama Thérèse ni mlango wa kanisa. Lakini macho ni macho, hesabu ni hesabu. Kweli, hata kati ya niliowapima alikuwepo mmoja wa 78 na mwingine wa 124. Hao watakuwa zile asilimia tano.

Jumamosi, tarehe 10

Blauzi zote tisini zimekatwa kwa patron moja, karatasi moja ya kukatia: 105, ili kila mama apumue. Aurélie alisema twende tupime waliobaki. Nikamwonyesha kipeuo cha pili cha ishirini na tano na jinsi kinavyogawanya. Akachukua chaki, akachora nilivyosema. Aurélie kutii ni jambo la kuandikwa. Mafundi wa tantine wameshona mfululizo, wakisifu kazi isiyobadilika vipimo. Tayari ninajiona kule nyuma, mimi na mkasi, bila mtu wa kuniuliza habari za ndoa.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa, wamama wamejaribu blauzi katika salle, ukumbi wa parokia.

Mama Thérèse aliinua mikono, blauzi ikafika mabegani, ikagoma. Haipandi, haishuki. Kutoka ndani ya kitenge tukasikia, "Dorine, mutoto wangu, niko naona giza." Mama Charline alivaa yake, akamwingiza mtoto wake mbele, na nafasi bado ikabaki. Aurélie akapendekeza wabadilishane. Wakabadilishana. Zote ni sawasawa. Wakabadilishana tena, kwa kicheko tu, mpaka katekista akaja kuuliza ni sikukuu gani hii.

Tantine aliingia akitoka bandarini, kwenye boti ya Bukavu, begi bado mkononi. Akauliza nani alikata. Nikainua kidole kama darasani. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aurélie akasema haraka: zinazobana tupasue ubavuni tutie vipande vya bluu, zinazopwaya tuzikunje marinda. Tantine akamtazama kama mutu aliyepata mvua baada ya vumbi.

Meza ni ya Aurélie. Mimi niko mlangoni, na nitapima tisini wote.

Alhamisi, tarehe 15

Nimewapima wote. Nusu yao waliuliza nitaolewa lini. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikaanza kujibu kwamba ninangoja mwanaume wa sentimita 105. Mama Thérèse alicheka hadi mita ikachomoka mkononi mwangu, nikaanza upya.

Leo waliingia kanisani wakicheza, bluu ubavuni, kwa wengine nyembamba, kwa wengine pana kama barabara. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Wamama wa parokia nyingine walikuja kuuliza nani alibuni mtindo ule. Tantine akasema ni siri ya nyumba yake, wala hakunitazama.

Ijumaa, tarehe 16

Nilikuwa na vipimo vya wote tisini. Nani angejizuia? Nikatafuta wastani wao wa kweli: 101.

Uko ndani ya mipaka yangu! Nilikimbia kumwambia tantine kwamba sikukosea hata kidogo. Akaniuliza huyo mama Wastani anaimba sauti gani, maana yeye peke yake ndiye nguo ingemtosha. Aurélie alicheka akiwa kwenye meza yangu.

Wacheke. Mchana imeingia kazi ya sare za shule ya msingi. Tantine ameagiza nipime kila mtoto. Nimesema ndiyo, tantine. Ila sasa kosa langu nimeliona: niliwapima wachache mno. Ukiongeza watu, mipaka inakaribiana. Nitapima watoto mia moja, hapo mipaka itabanana mpaka patron moja itoshe shule nzima. Aurélie aanze kuhamisha mkasi wake.