Kuhusu Mashine Iliyouliza Swali Lisilofaa Ofisini mwa Kanisa

Ofisi ya Kanisa, Kariobangi
Alhamisi, 12 Oktoba 1989

Kwa Kasisi Caleb, huko kwenye semina, Mombasa.

Bwana asifiwe. Sisi wa ofisini tu wazima, isipokuwa mashine.

Ulipoondoka uliniachia kompyuta kuukuu tuliyopewa na Bwana Gordon, karani wa kiwanda kimoja huko Industrial Area, ukaniagiza niitumie kuchapa vyeti vya watoto arobaini na wawili watakaowekewa mikono na Askofu Jumapili hii. Leo ni Alhamisi. Vyeti vilivyochapwa ni sufuri. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba mashine hiyo itengwe na kanisa hadi itubu, kwa sababu zifuatazo:

1. Taipureta yangu ya miaka kumi na moja ilipelekwa kanisa la Dandora siku ile ile mashine ilipoingia. Niliisindikiza hadi langoni. Sasa wa Dandora wanalalamika kwamba herufi K inakwama. Kwangu haikukwama hata siku moja. Inataka kugongwa kwa kidole cha pete, na hakuna aliyeniuliza.

2. Mashine ilipowashwa ilitangaza kwamba haina mfumo wa kuiendesha. Bwana Gordon alikuwa ametuachia disketi tano, nyeusi na nyembamba, akasema zitiwe moja baada ya nyingine na mfumo utaingia wenyewe. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu, mashine ikakoroma kama mtu aliyelala chali, ikasema imeshindwa kuisoma. Nimesomesha watoto wanne, Kasisi. Namjua mwanafunzi asiyetaka kusoma.

3. Kisha ikauliza swali kwa Kiingereza, tuchague jibu moja kati ya matatu. La pili lilikuwa kujaribu tena, na la tatu kupuuza. La kwanza, Abort, sikulielewa, nikamwita Mzee Dedan, mzee wa kanisa, aje na kamusi yake. Akatafuta, akavua miwani, akaifuta, akatafuta tena. Ndipo akaninong'oneza: "Dada Teresiah, inauliza kama itoe mimba."

Mlango ulikuwa wazi, na Mama Mukai, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, alikuwa akipanga maua.

"Mimba ya nani?" akauliza.

Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa ukiuliza hivyo hivyo, huku ukinitazama mimi. Nina miaka hamsini na miwili.

4. Kamati ikakaa, ikapiga kura. Kujaribu Tena kulipata kura saba, Kupuuza mbili, na lile la kwanza halikupata kitu, ila kura moja iliharibika na bado tunachunguza ni ya nani. Tukajaribu tena mara mia tatu na kumi na nane. Nimeziandika. Jumanne, kwa idhini ya kamati, tukabonyeza Kupuuza. Mashine ikatupuuza.

5. Hata mwaka haiujui. Kila inapowashwa inadai ni Januari mosi, 1980. Nairekebisha, nikiizima inarudi pale pale. Mama Mukai aliposikia alisema kwamba, kama ni hivyo, mumewe yu hai na amechelewa tu kutoka kazini. Tukacheka, naye akacheka, halafu akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Sidhani mashine ina haki ya kumfanyia mjane hivyo.

6. Mutisya, fundi wa redio, aliifungua jana akasema haoni kosa lolote. Basi mashine isiyo na kosa na inayokataa kazi ni mvivu, na Mtume ameshasema asiyetaka kufanya kazi asile. Naomba ikatiwe umeme.

Watoto hawa wamehudhuria mafundisho tangu Januari. Wakirudi nyumbani mikono mitupu, wazazi hawatamtafuta Bwana Gordon, watanijia mimi. Kwa hiyo yeye aitwe mbele ya kamati aeleze mashine hiyo ililelewa wapi, nayo taipureta irudi kwangu.

Mama Kasisi na watoto hawajambo. Mzee Dedan anakusalimu, ila kamusi ameificha. Tusalimie wanasemina wote, hata wale wanaosinzia.

Ni mimi katibu wako mtiifu,
Teresiah Wacera

Tanbihi: Leo ni Jumamosi, na barua ilikuwa bado mkobani. Mutisya alirudi asubuhi, akainusa disketi ya tatu, akauliza ofisini kuna mtoto mchanga wa nani. Ikabidi niseme. Nilitaka disketi ziteleze vizuri, nikaamua kuzipaka poda ya watoto, kama ninavyosikia wacheza karata hufanya. Nilianza na ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu, na poda ikaishia hapo. Mutisya aliisafisha mashine kwa pamba na spiriti, akaenda kuomba disketi nyingine ya tatu kwa rafiki yake, na mashine ikaimeza bila neno. Vyeti vyote arobaini na viwili vilitoka kabla ya chai ya saa nne. Vimenyooka kuliko chochote nilichowahi kuchapa, na nilipovitazama niliumia kidogo.

Barua naituma kwa sababu stempu nimeshabandika. Mutisya ameapa hatasema. Nawe ukirudi, akina mama wakikuuliza ilikuwaje, tafadhali sema ni umeme.