Ukuta wa Wajerumani

Leo nimeaibika, jamani. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kabla video haijawafikia. Itawafikia tu. Bwana harusi ana jamaa wengi Goma, na watu wa Goma hawawezi kulala na kitu cha kuchekesha bila kukituma.

Madereva wenzangu, mnaijua ile Hiace yangu. Tangu nilipouza lori langu la bluu na kustaafu, nimekuwa nikiigeuza nyumba. Nimeng'oa viti, nimepigilia kitanda, nimeweka jiko la mkaa, madumu ya maji na pazia la maua. Hakuna fundi aliyeigusa. (Ndiyo, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Ni kamba nzuri.) Nia yangu ni kumchukua Mama Diane tuzunguke nchi tukitazama mambo ya kale: nyumba ya mfalme kule Nyanza, makumbusho ya Huye, mapango ya Musanze. Maisha yangu yote nimepita mbele ya vibao vya makumbusho bila kusimama, kwa sababu nyuma kuna nyanya za mtu zinaoza. Sasa nataka kusimama ninapotaka.

Mama Diane hataki. Yeye ni mzaliwa wa Nyamyumba, ameuza samaki mpaka juzi, na haoni sababu ya mtu kulala ndani ya gari wakati nyumba anayo. Halafu kaka yake wa Bugeshi naye anaitaka hiyo Hiace ateremshie viazi. Basi asubuhi hii, chai bado ya moto, mke wangu akaniwekea sharti.

"Baba Diane, mi niko mutoto wa hapa. Leo unizungushe hapa hapa Gisenyi. Ukinionyesha kitu moja tu ya zamani yenye sikujua, kesho tunaenda mpaka Nyanza na sitasema kitu. Ukishindwa, gari inaenda kubeba viazi."

"Kimoja tu?"

"Moja. Mbele jua izame."

Nikacheka. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini nimelala kila mji kuanzia Bukoba mpaka Bujumbura. Nishindwe kumwonyesha mwanamke kitu kimoja?

Nilianza na chemchemi za maji moto za Nyamyumba. (Najua mnachotaka kusema. Kumpeleka mtu wa Nyamyumba Nyamyumba. Kaeni kimya.) Njiani, kwenye mteremko, sufuria zote zikahama kutoka nyuma zikaja kunisalimia mgongoni. Tulipofika nikasimama kwenye mvuke, nikaanza: "Mama Diane, hapa watu wa kale walikuwa wanakuja kutibu migongo." Nikageuka. Alikuwa ameshavua viatu, miguu ndani ya maji, anawasalimia wanawake wa pale kwa majina. Mmoja akamwuliza, mimi nasikia kabisa:

"Mama Diane, uyu muzee wako anauza nini mu iyi gari?"

"Anauza maneno," akasema. "Haijapata mununuzi."

Sikukata tamaa. Tukarudi mjini, nikaegesha mbele ya nyumba moja kongwe ya mkoloni, yenye baraza refu linalotazama ziwa. Nikashuka, nikamfungulia mlango kama bibi harusi. "Nyumba hii," nikasema, "ina miaka kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

"Najua. Muzungu wa mwisho mwenye alikaa humu alikuwa ananunua sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa, kwangu. Choo iko nyuma, ku mukono wa kushoto. Unataka kwenda?"

Nilikuwa nataka kwenda. Nikasema sitaki.

Jua likaanza kushuka upande wa Kongo. Mama Diane akatoa simu, akaanza kumtafuta kaka yake. Nawaambia ukweli, nikaviona viazi vimelala juu ya kitanda changu. Nikasema, hapana! Mimi nimewahi kuvuta lori kutoka kwenye tope kwa mnyororo na ubishi. Leo sirudi nyumbani mikono mitupu.

Nikawasha gari, na mbele kidogo nikauona ukuta. Uko chini ya kilima, umezuia udongo usiporomoke barabarani. Mawe meusi ya volkano, yamevaa ukungu wa kijani na majani yanayoning'inia. Unaonekana mzee hasa. Nikakanyaga breki, sufuria zikapiga makofi.

Mbele ya ukuta kulikuwa na harusi ya watu wa Goma, wamevuka mpaka kuja kupiga picha. Bibi harusi na gauni jeupe pe, mashangazi wamejaa vitenge, mpiga video na kamera yake. Akaniona ninavyoushika ukuta kwa heshima.

"Papa, huu ukuta iko ya zamani?"

Nikamtazama Mama Diane. Nikalitazama jua.

"Ya zamani?" nikasema. "Huu ni ukuta wa Wajerumani!"

"Bon! Papa, simama hapo hapo, utuelezee. Tutaiweka mu video ya arusi."

Jamani, mngefanya nini? Nikanyoosha koti. Nikasema Wajerumani waliujenga kabla babu zetu hawajajua baiskeli. Nikasema saruji haikuwepo, waliunga mawe kwa udongo na mayai ya kuku. (Hayo mayai sijui yalitoka wapi. Yalikuja yenyewe mdomoni.)

"Mayai?" bibi harusi akashangaa.

"Mayai mengi, binti yangu. Kuku wa eneo zima hawakupumzika."

Mashangazi wakasema "Eeeh!" Nikapata nguvu. Nikasema mkubwa wao alikuwa anasimama hapa kila jioni, anatazama ziwa, anawalilia wazazi wake. Shangazi mmoja akafuta jicho. Nikamtazama mke wangu: mdomo wazi. Nikajua Nyanza nimeipata.

Mama Diane akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Muzee, samahani. Hii mawe, Wajerumani waliileta na nini?"

"Kwa punda," nikajibu haraka.

"Punda ya rangi gani?"

"Punda ni punda, Mama Diane."

"Hapana. Hiyo punda ilikuwa ya bluu. Kioo yake ya mbele ilikuwa imepasuka. Na mwenye alikuwa anaiendesha ni we!"

Kamera inaniangalia.

"Watoto yangu," akawageukia, "hii ukuta ni siye tuliijenga mu umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi. Uyu alileta mawe na lori yake, akayamwaga, akaenda zake Kigali. Siye wamama tukayabeba ku kichwa. Diane iko ku mugongo. Ile jiwe ya chini, yenye rangi ya kutu, iliniangukia ku muguu. Muangalie!"

Akavua kiatu. Mbele ya kamera! Kidole chake gumba kimepinda kama ndoana. Kidole hicho nakiona kila siku. Nilidhani alizaliwa nacho.

Mawe nimeyamwaga kila kona ya mji huu. Nani anakumbuka kila lundo?

Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukashuka shingoni. Bwana harusi alikaa chini, na suti yake. Shangazi aliyelia alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Na mpiga video, mtoto wa watu, akasema: "Papa, rudilia pale kwa mayai. Sauti haikuingia muzuri."

Nikapanda gari. Mwanamume akishindwa sharti alilolikubali, analipa. Nikawasha, nikakunja usukani kuelekea barabara ya Bugeshi.

"Unaenda wapi?" Mama Diane akauliza.

"Viazi vinanisubiri."

"Zima gari." Nikazima. Alikuwa anaukanda ule mguu wake. "Mi nilijua mume yangu anajisifu. Hiyo tangu zamani najua. Lakini sikujua anaweza kudanganya arusi muzima, mashangazi wanalia, na hapepesi hata jicho. Miaka yote hii, sikujua!" Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. "Ile mayai, uliitoa wapi?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kitu ya zamani yenye sikujua ni we. Kesho tunaenda Nyanza. Lakini kule kwa mufalme, mwenye kueleza ni mi. We utashika mukoba."

Nimekubali. Kamba ya mlango nimeikaza, mkaa uko ndani, tunaondoka asubuhi na mapema.

Video ikifika, chekeni mmalize. Ila mkimaliza, nitazameni nyuma: ukuta wangu haujapinda hata mahali pamoja. Kilichopinda pale ni kidole cha mke wangu tu.