Vyanzo vya Kuaminika Kuhusu Babu Oswald

Jumapili, 2 Julai 2006

Kidete. Kamati ya kutafuta jina la shule imekaa leo baada ya ibada, ndani ya darasa lisilo na paa. Sekondari yetu ya kata imefika kwenye lenta, juu tu ya madirisha. Tofali zipo, mchanga upo, jina hakuna. Mimi ndiye katibu. Ni fundi baiskeli, lakini mwandiko wangu ni mzuri, hilo hakuna anayelibisha.

Nimependekeza iitwe Oswald, jina la babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa mlinda njia wa reli. Mwaka 1957 mto Mkondoa ulifurika ukazoa tuta la reli, na babu akasimamisha treni kwa bendera nyekundu. Abiria wote wakapona. Marehemu mjomba alinisimulia habari hii mpaka nikawa naiota. Mama akiisikia huenda kuangalia sufuria jikoni.

Beda naye ana wake. Beda ana duka na mashine ya kusaga, na tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Tangu hapo nikisema kushoto, yeye kulia. Kampendekeza mjomba wake, marehemu Mzee Leonsi. Kasema mjomba alisoma Ulaya. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa kwa heshima. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Gaudiosa, mstaafu aliyetufundisha sote wawili, kauliza ni Ulaya ipi. Beda kakohoa. Ni kata ya Ulaya, hii hii ya Kilosa, tunayokwenda kwa baiskeli siku ya gulio.

Mwalimu kasema amechoka na hadithi za kijiweni. Anataka ushahidi wa maandishi, kutoka chanzo cha kuaminika, Jumapili ijayo. Nikasimama. Nikasema nitauleta kutoka kwenye intaneti. Darasa zima likanigeukia. Hata mimi nilishangaa. Sijawahi kuiona intaneti.

Jumatatu, 3 Julai 2006

Nimefika Kilosa kwa lori la vitunguu. Nimefikia kwa dada Sesilia. Kauliza kilichonileta. Nimemjibu ni utafiti. Kanitazama kama anayetaka kunipima homa.

Duka la intaneti liko karibu na stendi, kompyuta tatu, moja ikiwa imefunikwa kitambaa kama maiti. Mwenyewe ni Yusrah, binti mtaratibu, mtandio wa kijani, sauti ya muuguzi. Kanionyesha pa kuandika. Nikaandika: Babu Oswald. Yakaja majibu elfu nyingi. Hakuna hata moja lililomfahamu babu. Kulikuwa na Oswald muuza magari, Oswald mcheza piano, na Oswald mmoja ambaye ni mbwa.

Nikageukia kwa adui. Nikaandika: historia ya Ulaya, nipate shule aliyosoma Leonsi nimuumbue. Zikaja kurasa za wafalme, vita na theluji. Nimesoma saa nzima. Kata ya Ulaya haimo. Gulio lake pia halimo.

Yusrah kaniuliza kwa upole natafuta nini hasa. Nikamweleza. Kasema si kila kilichoko humu ni kweli. Kila ukurasa niuulize mambo matatu: nani kaandika, kajuaje, na nani mwingine asiyemjua kasema hivyo hivyo. Nimeyaandika kwenye kiganja. Maneno mazuri sana. Nitayatumia dhidi ya Beda.

Jumanne, 4 Julai 2006

Siku kubwa. Yusrah kanionyesha kitabu cha elimu kilicho ndani ya kompyuta, kinene kuliko vyote duniani, chenye kila kitu kuanzia nyota hadi minyoo. Nikauliza wanaokiandika ni kina nani. Kasema mtu yeyote. Nikamwomba arudie. Mtu yeyote, kasema, ndiyo maana inabidi kuangalia vyanzo vilivyotajwa chini ya ukurasa.

Sikusikia tena sehemu ya pili. Masikio yalikuwa yamejaa.

Nimeandika kwa vidole viwili kuanzia saa nne hadi saa nane. Nimejisajili kwa jina la Profesa Evance, ili swali la kwanza la Yusrah lipate jibu. Babu sasa ana ukurasa wake. Alisimamisha treni, akaokoa abiria mia mbili. Nikausoma. Mia mbili ikaonekana pungufu. Nikaweka mia nne. Nikaongeza mtoto mchanga. Kwenye vyanzo nikaandika: inajulikana.

Yusrah kapita nyuma yangu, kasoma, kavuta pumzi ndefu. Kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ni babu yangu, nani awe na hakika kuliko mimi. Kasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Nikabonyeza kuchapa. Printa ikatoa kichwa cha habari, jina la babu, na nusu mstari. Umeme ukakatika.

Jumatano, 5 Julai 2006

Mgao wa umeme. Mto mkavu, bwawa limekauka, Kilosa giza. Nimekaa kwenye benchi la Yusrah tangu asubuhi nikiwa na nusu mstari wa babu mkononi. Mchana kanionea huruma, kanigawia vitumbua, kaniambia Mikumi kuna nyumba ya wageni barabarani yenye jenereta na kompyuta mbili. Kisha kanishauri jambo jingine: kwa nini nisirudi Kidete nikawaulize wazee waliokuwepo, na nikaombe stesheni kama wana vitabu vya zamani.

Nimemweleza kwamba utafiti wa siku hizi haufanywi hivyo.

Alhamisi, 6 Julai 2006

Mikumi. Malori yamepanga foleni barabarani, madereva wanakula chipsi, jenereta inanguruma kama simba wa mbugani. Kompyuta mbili zimetenganishwa na ubao wa plaiwudi, mtu humwoni jirani yake. Msimamizi ni Loveth, binti wa dada yake Beda. Nimemsihi asimwambie mjomba wake kwamba niko hapa. Kacheka hadi kushika meza. Sikuona cha kuchekesha.

Nikafungua ukurasa wa babu. Kuna mtu kaugusa. Sasa ulisema babu alisaidiwa na Mzee Leonsi, msomi wa Ulaya. Nikamfuta Leonsi. Nikafungua tena: Leonsi karudi, na safari hii bendera kashika yeye. Nikamfuta. Karudi, na babu kawekewa sentensi mpya: "Wakati huo Oswald alikuwa amelala."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata. Babu, alale? Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba Oswald hakuwahi kulala kazini maisha yake yote. Nyuma ya plaiwudi kuna mteja alikuwa akipiga vitufe kama anatwanga kisamvu. Nikamwomba apunguze kelele, watu tuko kwenye utafiti. Akaguna.

Nimefikiri sana ni nani. Nimeamua ni mzungu. Mtu wa Ulaya, Ulaya ile ya mbali, ameona neno Ulaya akadhani ni kwao. Nikangoja dakika ambayo ukurasa ulikuwa sawa, nikabonyeza kuchapa haraka kabla mzungu hajaugusa tena.

Kwenye meza ya Loveth, nikipokea karatasi yangu, nani natazamana naye? Beda, bahasha kwapani. Kasema amefuata mkanda wa mashine. Nikasema nimefuata tyubu za baiskeli. Tukakubaliana kwamba dunia ni ndogo. Loveth kaenda nje kucheka.

Tumepanda lori moja kurudi Kilosa. Beda hajala tangu asubuhi, nimemgawia chipsi zangu. Yeye kanifunika koti lake pale vumbi lilipozidi. Kila mtu kakumbatia bahasha yake njia nzima.

Jumapili, 9 Julai 2006

Nina aibu, lakini shajara ni shajara.

Nilisimama wa kwanza. Nikasoma ukurasa wa babu kwa sauti ya redio. Abiria mia nne, mtoto mchanga, hakuwahi kulala kazini. Makofi. Beda akasimama, akafungua bahasha, akasoma. Mzee Leonsi kashika bendera. Oswald alikuwa amelala. Makofi vilevile, watu wetu hawabagui.

Mwalimu Gaudiosa akaomba karatasi zote mbili. Akaziweka sambamba juu ya rundo la tofali. Akavaa miwani.

"Evance, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye intaneti, Mwalimu."

"Beda, na hii?"

"Kwenye intaneti, Mwalimu."

"Ni ukurasa mmoja. Hapa chini imeandikwa Alhamisi, saa tano na dakika kumi. Hii nyingine, Alhamisi ile ile, saa tano na robo. Katika dakika tano babu wa mtu kasinzia. Mlikuwa wapi saa tano?"

Nilimtazama Beda. Beda kanitazama. Ndipo nikausikia tena ule utwangaji nyuma ya plaiwudi. Hakukuwa na mzungu; Beda alikuja kumchimbua babu yangu kama nilivyomchimbua mjomba wake.

Mwalimu hakutugombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Kasema wakati sisi tunazunguka Kilosa na Mikumi, yeye alitembea kwa miguu hadi stesheni. Stesheni masta alimfungulia kabati la vitabu vya zamani vya matukio. Kanakili ukurasa wa mwaka 1957. Kisha, kwa kuwa kitabu kimoja kinaweza kukosea, alivuka mto hadi kwenye boma la wafugaji wa Kimaasai, kwa kina Kaika, kumwona bibi yao, Naishorua, aliyekuwa akiuza maziwa stesheni enzi hizo. Hakumwambia kilichoandikwa kitabuni. Alimwomba tu asimulie. Vikafanana.

Akasoma. Maneno ni ya babu mwenyewe, karani aliyaandika na babu akaweka dole gumba:

"Mimi Oswald, mlinda njia, nilikuwa nimelala kibandani. Treni imesimamishwa na mwanamke Mwamvua, muuza mihogo, ambaye alivua kanga yake nyekundu ya kujitanda akasimama katikati ya reli akiipunga. Abiria sitini na mmoja wote wazima. Naomba mama huyu asishtakiwe kwa kuingia relini. Kosa ni langu."

Bibi Naishorua kaongeza ambalo kitabu hakina: babu alikatwa mshahara miezi mitatu, na kila alipopita kwa Mwamvua alivua kofia.

Nilitegemea aibu, ikaja na kitu kingine. Babu angeweza kusema bendera ilikuwa yake. Nani angebisha? Muuza mihogo? Beda kanigusa bega. Kasema pole, hilo la kulala alilitunga tu, hakujua kama ni kweli. Namwamini. Beda hajawahi kupatia kitu kwa makusudi.

Shule itaitwa Mwamvua. Wote tumenyoosha mikono. Mimi ya kwangu niliinyoosha juu kuliko yote.

Jumatatu, 10 Julai 2006

Nimemuuliza Mama kama alijua. Kasema baba yake aliwasimulia kila mwaka mvua zilipoanza, wasije wakalala kazini kama yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alidhani napenda hadithi ya mjomba, na pia sikumuuliza. Kisha kanipa kikombe cha uji kikubwa kuliko kawaida.

Jioni Yusrah kanitumia ujumbe wa simu. Wasimamizi wa kile kitabu kinene wamefuta ukurasa wa babu. Sababu: hauna vyanzo vya kuaminika. Kasema kama nataka, anisaidie kuandika wa Mwamvua, kwa kutaja kitabu cha stesheni na jina la Bibi Naishorua, polepole, kwa ukweli. Nimemjibu nashukuru sana, dada, nimejifunza.

Jumamosi, 15 Julai 2006

Nimejifunza kweli. Tatizo letu halikuwa kusema uongo. Tatizo lilikuwa kutotaja chanzo.

Mtendaji wa kata katangaza kwamba mwakani tunajenga zahanati. Zahanati nayo itahitaji jina. Nilimfuata Beda dukani asubuhi, nikakuta na yeye alikuwa anavaa viatu anifuate. Tumeelewana ndani ya dakika mbili, mara ya kwanza tangu darasa la kwanza. Wakubwa wanataka maandishi ya kale. Maandishi ya kale yatapatikana.

Beda katoa daftari jipya la kaunta. Tumelilaza ndani ya beseni la chai ya rangi, chai yenyewe majani ya Beda, sukari hakuna ili lisiite sisimizi. Adhuhuri tukalianika juu ya bati la mashine. Limekuwa la hudhurungi, limekunjamana, linanuka uzee. Nusu ya mbele ni kumbukumbu za Oswald, miaka ya 1950. Nusu ya nyuma ni za Leonsi. Kwa kuwa babu hakujua kuandika, tumekubaliana Leonsi ndiye aliyemwandikia. Hata hilo la Ulaya limepata kazi.

Nimeshaandika kurasa nne. Mwandiko wangu ni mzuri. Babu anamtibu dereva wa treni kwa majani ya mwarobaini, usiku kucha, macho wazi kabisa.

Mama kapita, kalitazama daftari, kaligeuza. Kauliza kwa nini kumbukumbu za mwaka 1957 zina picha ya simu ya mkononi kwenye jalada.

Beda ameenda kutafuta kisu. Jalada tutalibandua.