Kiraka cha Mistari Mitatu

Jumatatu, 3 Julai

Nimelipata kosa! Peke yangu, bila msaada wa mtu.

Kili ni programu inayosoma maandishi kwa sauti, kwa lugha yetu, Kimalayalam. Inatengenezwa na watu wa kujitolea, kila mtu kwake, na mwenye marekebisho hutuma kiraka, yaani mistari ya programu aliyoirekebisha, kwenye kundi letu la barua pepe. Kauli ya mwisho ni ya Bi Zubaida wa Kozhikode, mwalimu wa fizikia, anayevisoma viraka akishamaliza kupika. Naeleza haya kwa sababu shajara hii siku moja itasomwa.

Kosa lenyewe: Kili ikikutana na herufi za mtindo wa zamani, inanyamaza. Inaruka neno zima. Na Mama Mdogo Vilasini haoni, kisukari kilimpofusha. Marehemu mumewe, mkuu wa stesheni ya Shoranur, aliandika maisha yao kwenye kompyuta, yote kwa herufi hizo. Mama Mdogo anataka kuyasikia kabla ya Ijumaa ya tarehe 14, siku ya kumkumbuka marehemu, atakapotimiza mwaka. Nilijitolea kumsomea. Kakataa. Kasema humo kuna mambo si ya kusomewa na mtoto wa dada.

Dawa ni mistari mitatu. Mitatu tu! Nani atamtambua mtu kwa mistari mitatu? Jinto wa Irinjalakuda ana mamia ya mistari ndani ya Kili, na kwenye mkutano wetu wa kila mwaka wa Kochi hukaa mbele, ubavuni kwa Bi Zubaida. Mimi mwaka jana nilikaa karibu na mlango wa choo.

Mama Mdogo kauliza, si niiweke tu hiyo mistari kwenye kompyuta yake leo hii? Nikamwambia heshima ya kazi yetu hairuhusu, lazima wakubwa waipitishe kwanza. Kasema haya mwanangu, wewe ndiye unayejua.

Hakuna heshima ya namna hiyo. Mtu huweka anachotaka kwenye kompyuta yake. Lakini nikiiweka kimyakimya mle chumbani, nani atajua?

Jumanne, 4 Julai

Mpango. Kila mstari wa Kili una jina la aliyeugusa mwisho. Basi nimepanga upya nafasi tupu ya mwanzo wa kila mstari, faili zote, hakuna iliyosalimika. Kilichobadilika ni nafasi tu. Na jina. Mistari mitatu nimeichomeka katikati. Kwenye maelezo nimeandika: "Marekebisho mbalimbali." Mtu mzito haelezi sana.

Nimetuma. Jinto akifungua atakuta nyumba nzima ni ya Sudheesh!

Alhamisi, 6 Julai

Jibu limekuja, mbele ya kundi zima. Bi Zubaida anashukuru. Anasema kiraka kimoja, jambo moja. Nitenganishe kosa na usafi, tena nieleze kosa ni lipi na linamuumiza nani, maana kilivyo sasa hakisomeki. Hakisomeki! Na yeye mwalimu!

Nimemkumbusha kabla ya chai, baada ya chai, na baada ya chakula cha mchana. Kisha nikaitafuta namba yake ya simu. Kapokea akiwa darasani. Kasema, kwa upole wa kuudhi, kila kitu kiandikwe kwenye kundi ili wote waone, na mtu akishatuma asubiri walau wiki kabla ya kukumbusha, kwani wote hapa ni watu wenye kazi zao.

Kutenganisha kungenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja. Sitenganishi ng'o.

Jumapili, 9 Julai

Juzi nilimpelekea Bi Zubaida sanduku la halua, ile nyeusi, ya Kozhikode hasa. Moyo wa mtu hulainika kwa utamu, nikafikiri. Leo kaandika kwenye kundi kwamba halua imefika salama, inatoka duka lililo chini ya nyumba yake, walimu wenzake wameifurahia, na kiraka bado kina mambo mawili.

Jinto kaweka kikaragosi cha kucheka. Mwanaharamu.

Jumanne, 11 Julai

Aibu. Sitaki kuandika. Naandika.

Jana nilimzaa mtu, kwa anwani mpya ya barua pepe. Ponnamma K., mhandisi wa Bengaluru, mtu mzima mwenye busara. Ponnamma akajiunga na kundi na kusema hajapata kuona kiraka safi kama cha Bwana Sudheesh. Jinto, kwa adabu zote, akamuuliza dada Ponnamma amekijaribu kwenye mashine gani. Ponnamma akajibu upesi, kwa ukali unaostahili. Alijibu kwa anwani yangu. Na jina langu chini, na namba yangu ya simu.

Kundi likarudi kwenye mazungumzo mengine. Afadhali wangetukana.

Mchana Jinto kapiga simu. Kaniita kaka. Kasema yaishe, tuma ile mitatu peke yake, nitakusaidia kuandika maelezo. Mwizi! Nikamwambia hajui uzito nilioubeba, kuna mjane asiyeona anasubiri mpaka Ijumaa. Jinto akasema, "Sasa kaka, si ungemwekea tu kwenye kompyuta yake tangu siku ile?"

Nilikata simu. Watu wengine hawana adabu kabisa.

Jumatano, 12 Julai

Nimempelekea Mama Mdogo ndizi za kukaanga. Nimemkuta mbele ya kompyuta, kichwa kakiinamisha kwenye spika. Kili inasoma: siku hiyo mvua ilinyesha, naye akashuka kwenye garimoshi, amevaa. Kimya. Mkononi ameshika. Kimya. Nikajua. Kimya.

Anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Kaniambia anajaribu kuyakisia maneno yaliyoanguka. Sari anaikumbuka, ilikuwa ya kijani. Alichoshika ni mwavuli uliovunjika. Lakini mume wake alijua nini siku ile? Hapo hana la kukisia, maana hakuwahi kumwambia.

Kauliza wakubwa wangu wamesemaje. Nikasema wamekaribia. Nikamsogezea ndizi.

Nilikuwa na mistari mitatu mfukoni, kwenye kidude cha kuhifadhia faili. Nimerudi nayo nyumbani.

Alhamisi, 13 Julai

Jinto ametuma kiraka! Mistari mitatu. Maelezo marefu kuliko kiraka: kosa ni lipi, linatokea wapi, na kwamba kuna mama anayetaka kumsikia mumewe na hawezi. Chini kabisa, kwa unyenyekevu wa kinafiki: kosa liligunduliwa na Sudheesh.

Bi Zubaida amekipitisha mchana huohuo, na kuomba radhi kwa mama huyo kwa kuchelewa. Kuchelewa! Yeye ndiye aombe radhi? Nilikaa nayo hiyo sentensi kitambo. Ilinichoma, sijui kwa nini.

"Liligunduliwa na." Kwenye mistari yenyewe jina langu halionekani hata kidogo.

Ijumaa, 14 Julai

Kumbukumbu. Matonge ya wali yamewekwa uani, kunguru wamekuja upesi licha ya mvua, ishara kwamba marehemu amepokea, na jamaa wote wamefurahi. Kili ya Mama Mdogo ilijisasisha yenyewe asubuhi.

Baada ya kula kajifungia chumbani. Sote tumekaa barazani. Kupitia mlangoni tuliisikia ile sauti bapa ya mashine ikisoma, ikisoma, bila kukatika. Mama yangu alilia.

Alipotoka alinitafuta kwa mikono, akanishika uso. Kasema, "Mwanangu, umenipigania." Jamaa wote walisikia. Nikainamisha kichwa, nikaacha isemwe.

Ana ombi moja. Sura ya mwisho, ya ugonjwa, Kili inaisoma mbio mno, na pale mumewe anamuaga. Je, inaweza kupunguzwa mwendo kidogo? Angependa kuisikia taratibu walau mara moja, kabla hajaenda hospitali Jumatatu kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Nimeangalia. Ni namba moja tu ya kubadilisha, pale pale kwenye kompyuta yake.

Nimemwambia avute subira. Nabadilisha kwanza majina ya faili zote za Kili kwa kiraka kipya, na namba ya mwendo nitaichomeka humo humo.