Anayeamuru Naye Afunikwe Blanketi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Unyumba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa kitini, kwani ni ndefu kidogo. Mimi ni fundi cherehani, msomaji wako wa miaka mingi, na leo nakuandikia kwa heshima zote nikiwa na malalamiko.

Katika toleo lililopita uliwapa nasaha wapenzi wanaofurahia, kwa hiari yao wawili, mchezo wa mmoja kuamuru na mwingine kutii. Ulisema mchezo ukiisha, aliyeamriwa afunikwe blanketi, apewe maji, akumbatiwe na kuambiwa maneno matamu. Vizuri sana. Na aliyeamuru je? Umemwacha kasimama katikati ya chumba, kitambaa cha kumfungia mwenzake macho kikining'inia mkononi. Hukumtengea hata nusu mstari.

Nijieleze. Mke wangu ni matroni wa wodi. Wiki nzima yeye ndiye mwenye kuamuru, na wodi yake inasifika kwa jambo moja: agizo likishatolewa, halifi mpaka aliyelitoa alifute kwa kinywa chake. Daktari anaweza kusahau. Wauguzi wake hawasahau. Basi Jumamosi alasiri akirudi nyumbani anataka kupumzika kwa kuamriwa yeye. Mtu aliyepatikana ni mimi, ambaye hata kuku wa jirani akiingia kibandani kwangu nambembeleza atoke. Lakini nampenda, nikakubali. Namfunga macho, namwamuru apige magoti juu ya mto, atenganishe vifungo vikubwa na vidogo kwa kupapasa. Akikosea namkaripia na kumchapa viganja kwa utepe wa kupimia. Anafurahi mno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sauti. Ile sauti kali naitoa tumboni, na kuirudisha ilikotoka si kazi ndogo. Jumatatu iliyopita nilikuwa nampima mteja, afisa wa polisi mwenye kifua kama kabati, nikajisikia nikimwambia, "Simama wima, na usinitazame." Akasimama wima. Hakunitazama. Wakati wa kuondoka alisema, "Asante, mkuu," nami nikajificha nyuma ya pazia.

2. Majuto. Mchezo ukiisha namfunika, nampa maji na biskuti, namwambia yeye ni mwanamke hodari, neno kwa neno kama ulivyofundisha. Kisha anageukia ukutani na kuanza kukoroma. Mimi nabaki ukingoni mwa kitanda nikijiuliza yule mwanamume mkali alitoka wapi, na kama yumo humu siku zote. Mama yangu alinilea nisimpandishie mtu sauti. Tunalo neno la kusimamisha mchezo, Mhariri. Limetumika mara moja tu, na aliyelitumia ni mimi.

3. Blanketi ni moja. Sina la kuongeza hapo.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Utaniambia nimwombe anikumbatie. Nimeshalifikiria. Siku ile mimi ndiye mwamuru. Nikisema "nikumbatie", atanikumbatia kwa kuwa ameamriwa, nami sitajua kamwe kama alitaka. Ni sawa na kujipigia makofi mwenyewe. Ninachotaka ni mkono uje bila kuitwa. Tangu tuanze haujaja, na sasa naogopa kwamba anampenda yule mkali, na huyu fundi anamvumilia tu.

Kwa hiyo naomba ukurasa wako utangaze rasmi kwamba anayeamuru naye ni mtu. Naomba pia waamuru wote tupewe mapumziko ya Jumatatu. Mimi nimejiajiri, lakini najijua, bila agizo kutoka juu sitajiruhusu. Kiundwe chama chetu, chenye ukumbi, mablanketi ya kutosha na mwenyekiti mpole wa kutuambia tumefanya vizuri. Mwenyekiti asitoke miongoni mwetu, maana sote tutaanza kuamuru, kisha sote tutalia. Na tusiishie hapo. Kila hakimu akishasoma hukumu, kila mwalimu wa gwaride akishamaliza kufoka, awepo mtu mlangoni na kikombe cha chai na neno jema. Nani ajuaye ni ukali kiasi gani duniani unatokana na watu ambao hawakufunikwa baada ya kazi.

Nawasalimu wote hapo ofisini, kuanzia mchoraji hadi wapiga chapa, na zaidi mlinzi wa getini, kwani naye anakaripia watu kutwa na sidhani kama kuna anayemuuliza hali.

Wako mtiifu, mkali wa Jumamosi tu,

Fundi Utepe

N.B. Nilimpa mke wangu barua hii aibandike stempu. Bahasha ilikuwa wazi, akaisoma. Alipofika namba nne akaketi chini. Anasema hajawahi kukoroma maishani mwake. Siku ile ya kwanza kabisa, mchezo ulipoisha na sauti ikikaribia kunikatika, nilimwambia kwa ukali wangu wote, "Geukia ukutani, na usiniguse mpaka nikuite." Nilisema hivyo asinione nikilia, kisha nikasahau. Yeye hakusahau, agizo halikuwa limefutwa. Jumamosi zote hizo alikuwa macho, akiutazama ukuta, akisubiri kuitwa, na kule kukoroma alijikoromesha ili nisidhani ananilaumu.

Nimelifuta. Madai yangu yote nayaondoa, chama pia. Ila mlinzi wa getini nakuomba umpelekee chai. Blanketi moja linatosha. Uniwie radhi kwa mwandiko huu wa chini: naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelaliwa, na aliyeulalia, Mhariri, kumbe anakoroma kweli.