Kijembe cha Kitaliana

Jumatatu, 26 Januari

Badria, huna haya! Idi mbili zimepita na mguu wako sijauona kwangu. Huko Muskati mmefungwa kamba? Haya nayaandika uje uyasome, na yakishapoa shauri yako. Skuli hatukupelekwa mimi na wewe, lakini herufi za chuoni, za Kurani, hazijanitoka.

Jumamosi mjukuu wangu Asila anaolewa na Talib. Talib simtii kasoro. Kasoro ni bibi yake, Rukaiya. Rukaiya yule yule, mshindani wangu wa tangu usichana! Fungate watakaa kwangu, kama desturi. Ikisha, ati Asila ahamie kwake, mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini. Mimi orofa ya juu nshaipaka chokaa, kitanda nshakitandika. Yeye anasema mke hufuata mume. Talib anasema tutakavyokubaliana sisi wazee, yeye radhi.

Nimemlea Asila tangu ana meno mawili. Wanasema Malindi si mbali. Kwangu mimi, akishatoka mlangoni, iwe Malindi iwe Ulaya, ni kule kule.

Rukaiya atakubali. Sijui vipi, lakini atakubali.

Jumanne, 27 Januari

Alfajiri, makelele. Nikadhani mtu anachinja mbuzi kwa kisu butu. Kumbe mgeni wa hoteli ya mbele, Mtaliana, anasafisha koo! Asila anafanya kazi hapo mapokezi. Kaniambia mzee huyo, Otavio, mwimbaji mkubwa, dunia nzima inamjua. Dunia ipi? Mimi simjui.

Kaniwekea wimbo wake kwenye simu. Mama yangu! Mtu kachomwa kisu cha tumbo, anaimba. Anakufa, anaimba. Robo saa hajafa. Wenzake wamemzunguka nao wanaimba, hakuna hata mmoja aliyekwenda kuita daktari.

Ni mtoto wa mwoka mikate, ati. Alianza kuimba akikanda unga, mwisho akaimba mbele ya wafalme, watu wazima wanalia. Wake watatu wamemkimbia. Hao ndio waliokuwa na masikio. Jua lote hili, na shingoni kajizonga skafu ya sufu. Feni haitaki, itamwibia sauti. Sauti yenyewe, Asila anasema, imebaki nusu. Kama hiyo ni nusu, Mungu katuhurumia.

Lakini nusu hiyo ilifika mpaka sokoni. Nikaanza kufikiri.

Jumatano, 28 Januari

Mpango ninao! Taarab yetu unaijua. Anayesimama kutunza ndiye mwenye wimbo. Anakwenda kwa madaha, noti mkononi, kidole mbele ya macho ya mbaya wake, na kesho mtaa mzima unajua nani kasemwa. Waimbaji wa mjini wote wamekula ubwabwa wa Rukaiya, hawatamsema. Mtaliana hajaula.

Nikaoka mkate wa ufuta. Nikamchukua Hafiz, yule papasi anayewatembeza Wataliana, awe mdomo wangu. Asila asijue.

Mzee kauma mkate. Kauma tena. Machozi! Hafiz kanifasiria, ati mama wa mzee alikuwa akioka mkate kama huu, na hakuwahi hata siku moja kwenda kumsikia mwanawe akiimba, maana tanuri hana wa kumwachia. Roho ikaniuma. Nikamwongeza mkate. Kisha nikamwomba wimbo wa matusi.

Upo, akasema. Kijana anamlaani mwizi aliyemwibia binti. Huo huo! Nikamwambia amwimbie yule mnene atakayekaa mbele.

Ijumaa, 30 Januari

Rukaiya kaleta bokoboko la harusi. Kwa sauti ya asali kasema amesikia nnaleta Mzungu kwa kuwa wapigaji taarab wa hapa wamenikataa. Nikamwambia, subiri kesho mwenzangu.

Bokoboko lenyewe jepesi kama uji, ngano nyingi na nyama ya kutafuta. Nimelimaliza lote, nisije nikaambiwa sikulionja.

Jumapili, 1 Februari

Usinisemeshe.

Jana usiku ukumbi ulijaa wanawake. Rukaiya mbele, dhahabu mpaka kwenye viwiko. Mzee kapanda, kavua skafu, kaanza. Noti zangu ziko tayari mkononi. Nikasubiri kiitikio, maana mtu mstaarabu husimama kwenye kiitikio. Nikasubiri. Kapanda juu, kashuka, kashika kifua, kapanda tena. Kiitikio hakuna! Wimbo gani hauna kiitikio, Badria?

Rukaiya hakusubiri. Kanyanyuka, kiuno huku, kiuno kule, noti hewani. Kamtunza mzee, akageuka, akanijia mimi! Kidole mbele ya pua yangu. Pokea mwenzangu, kasema, chako hicho! Mtoto wa watu umemng'ang'ania! Vigelegele mpaka taa zikatikisika. Wimbo nimeutafuta mimi, mkate nimeoka mimi, na nasemwa mimi.

Na mzee yule! Kaona watu wamesimama kwa ajili yake, kapata ujana. Kaurudia wote! Rukaiya naye karudia kutunza.

Nakwambia wewe tu. Mara ya pili, alipofika pale juu kabisa, sauti ilimpasuka na hakuacha. Akaishikilia hivyo hivyo imepasuka. Nywele zilinisimama. Nikakunja uso upesi, wasinione.

Asubuhi muuza samaki kaniamkia shikamoo, kisha kaniuliza kama kweli nimepigwa kijembe cha Kitaliana.

Jumapili, 8 Februari

Fungate imekwisha. Talib kasema ukumbi mzima ulishahukumu, basi wamekwenda Malindi. Asila kanikumbatia mlangoni, kaniambia, "Bibi, nitakuja kila siku." Kila siku! Ndivyo wanavyosema wageni. Kisha kaniuliza kwa nini nilimtumia mzee wa watu. Nikasema nimekoma. Nikaapa.

Sasa sikiliza. Sikungoji tena uje uyasome, karatasi hizi nakupelekea leo. Ukija, usishukie kwangu. Teremka uwanja wa ndege, moja kwa moja Malindi kwa Rukaiya, na mabegi yote. Mwambie umemkumbuka yeye kuliko mimi, utakaa naye mpaka Idi. Mgeni wa Muskati hawezi kumrudisha, na chumba anacho kimoja tu cha kukupa, ndicho wanacholala vijana wangu. Waache wakutandikie. Mimi shuka za orofa ya juu nshazifua, zinawangoja.

Uje na wanao wote. Na mumeo Amour mlete. Bado anakoroma?