Injinia Loth na Karatasi za Jubilei

Mwenyekiti Elinaza hakuiamini simu. Aliona kwamba mtu akiwa mbali lazima apigiwe kelele. Ndiyo maana siku hiyo, kwenye mgahawa mmoja pale stendi ya Same, hata mpika chapati aliyekuwa kule nyuma alipata habari yote: kwamba hosteli ya usharika huko Mamba ina vyoo vya kuvuta maji, kwamba vyoo hivyo vinaziba kila wakipata wageni, na kwamba Jumamosi kuna jubilei ya kwaya, na kwaya tano zinakuja kulala.

"Nimeshawaambia watalala kwetu!" alinguruma. "Wakikuta choo kinatapika, uso huu nitauficha kwenye kanzu ya nani?"

Meza ya jirani, Loth aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye mirathi.

Huyu Loth alikuwa mwenyeji wa Same, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, hakuna hata moja iliyowahi kuandika. Msimu uliopita alikuwa akiuza dawa ya kufukuza tembo mashambani. Ilikuwa dawa nzuri sana, mpaka tembo walipokuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Injinia Loth. Maji taka." Alilitaja neno hilo kwa heshima, kama mtu anayetaja ukoo wake. "Nisamehe, sikukusudia kusikiliza mazungumzo yako."

"Kwani yupo ambaye hakusikia?" akadakia mpika chapati.

Loth akavuta kiti. "Mzee wangu, wageni wenu wanatumia karatasi gani?"

"Kila mtu na yake. Gazeti, kalenda ya mwaka juzi, madaftari ya watoto. Kuna mmoja alitumia ratiba ya ibada."

"Na bomba likanyamaza tu?"

"Likanyamaza siku mbili. Siku ya tatu likasema."

Loth akaagiza glasi mbili za maji. Ya kwanza akatumbukiza kipande cha gazeti, akakoroga, akakoroga tena. Gazeti lilizunguka, likatulia, na bei ya mahindi bado ilikuwa inasomeka. Ya pili akatumbukiza kipande cheupe alichokitoa mfukoni. Akakoroga mara moja tu, kikawa uji.

"Bomba ni koo, mzee. Mpe mtu makande mabichi uone kama yatashuka."

Haki itendeke hata kwa tapeli: yote aliyosema Loth yalikuwa kweli. Karatasi nyepesi inayolainika majini ni rafiki wa bomba. Gazeti, kitambaa, pamba, na vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto ni maadui zake. Mwongo mzuri huwa hadanganyi hovyo, hudanganya mahali pamoja tu. Loth yeye alidanganya kwenye katoni za karatasi alizokuwa akiuza. Mle ndani kulikuwa na karatasi nzito za kufutia mikono, zile za mahotelini, alizozikata kwa msumeno na kuzifunga upya kwenye nailoni yenye maandishi ya kijani: BOMBA SALAMA.

"Fundi ametuambia tufukue bomba lote," alisema Elinaza. "Anataka magunia matano ya tangawizi, ile ya sadaka ya mavuno iliyo stoo ya usharika."

"Mimi matatu. Na hufukui kitu."

Mwenyekiti akapiga hesabu. Kamati ilikwisha kupitisha matano. Yale mawili yangejua yenyewe pa kwenda. Maswali yote aliyokuwa nayo yakamtoka kichwani, akabaki anatabasamu.

Mpango wa Loth ulikuwa mwepesi kama ile karatasi ya kwenye glasi: ashushe katoni, apakie tangawizi, na magunia yawe yamefika Same kabla mgeni wa kwanza hajavuta maji.

Ijumaa jioni akapanda mlima hadi Mamba na pikapu ya kukodi, dereva wake kijana mmoja wa Lembeni aitwaye Hezroni. Katoni zikashushwa, magunia matatu yakapakiwa, lakini mvua ilikuwa imeanza, ikabidi walale. Aliyewapokea ni Mama Dorkas, mtunza hosteli, ambaye pia alikuwa na kiduka chake pale getini. Akazipanga zile karatasi za Loth vyooni, akawatengea makande. Kabla ya kula, Loth akaomba kopo la maji.

"La nini, Injinia?"

"Naenda uani kidogo, mama."

"Na karatasi zako si zimo humo humo?"

"Zile za wageni."

"Na wewe ni nani?"

Loth akacheka kicheko cha kuazima, akaondoka na kopo lake. Dorkas alichukua karatasi moja ya Bomba Salama, akailowesha kwenye beseni, akafutia meza, akaikamua, akafutia meza ya pili, kisha akaianika kwenye kamba pamoja na mashuka.

Asubuhi Loth aliamshwa na baragumu. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha udongo kwenye kona ya chini, na barabara ilikuwa imekatika. Ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na kule milimani mbiu ikilia hakuna cha Mkristo wala cha mtalii: mwenye jembe abebe jembe, asiye nalo ataazimwa.

"Mimi ni mgeni," alijaribu Loth.

"Mgeni ulikuwa jana," alisema Dorkas, akimkabidhi sepetu. "Umeshalala."

Loth alisimama pembeni ya kile kifusi akaangalia. Upande huu ilikuwepo pikapu na tangawizi yake. Upande wa pili mabasi ya kwaya tano yalikuwa yamejipanga tangu alfajiri. Udongo usipotoka, mali haishuki. Akavua shati jeupe. Watu wa Mamba wanasimulia mpaka leo kwamba hawajawahi kumwona mtu wa mjini akichimba vile. Alifukua kama anayetafuta mzazi wake. Wazee wakamwimbia.

"Ona injinia!" Elinaza alikuwa akipiga kelele. "Msomi, lakini hana makuu!"

Njia ilipofunguka, Loth akarukia pikapu. "Hezroni, washa!"

Lakini barabara ya mlimani ni ya gari moja, na Elinaza alikuwa amesimama katikati, mikono juu. "Wanaopanda kwanza! Hezroni, mwanangu, rudi nyuma. Ukifika juu utabeba mabegi ya wazee."

Basi pikapu ikarudi kinyumenyume mpaka hosteli, magunia matatu mgongoni, na mabasi yakiifuata. Milango ikafunguka. Watu waliokaa kwenye basi tangu alfajiri huwa na haja moja tu, na si ya kuimba.

Loth alifika kwenye dirisha la kiduka akiwa amejaa tope hadi kwenye nyusi.

"Mama, una toilet pepa? Zile nyepesi?"

"Zipo nyingi. Kwani za kwako zina nini?"

"Mama, nisaidie. Nizibadilishe haraka."

"Nauza kwa tangawizi. Gunia."

"Gunia zima! Huo si unyang'anyi?"

"Sauti ya pili wanashuka kwenye basi," alisema Dorkas, akichungulia. "Sasa magunia mawili."

"Ulisema moja!"

"Nilisema kabla hawajashuka. Yule mzee wa besi anauliza choo kiko wapi."

"Mawili! Nakubali, mawili!"

"Injinia, yule mzee ana mwili. Hebu mtazame mwenyewe."

Loth akamtazama. Mzee wa besi alikuwa anakuja na hatua za mtu asiyetaka kuzuiwa.

"Matatu," alisema Loth.

Dorkas akafungua mlango wa nyuma. Wakakimbia choo hadi choo, yeye akitoa za Bomba Salama, Loth akiweka zile nyepesi, na mzee wa besi akafunga mlango huku Loth akitokea dirishani. Wakasimama nje kusikiliza. Kukawa kimya. Kisha maji yakavutwa, yakashuka kama yameitwa. Choo cha pili kikajibu. Cha tatu. Elinaza akavua kofia.

Ndivyo Loth alivyopeleka, kwa mara ya kwanza maishani mwake, mzigo alioahidi.

Mchana, kwenye pilau, Dorkas alipanga karatasi nzito mezani. Mzee wa besi akafuta mchuzi, akafuta ndevu, akaikunja, akafuta tena. "Hii ndiyo karatasi!" alisema. "Hata ikilowa haichaniki!" Mwenyekiti akamsimamisha Injinia apigiwe makofi, na Loth akainama kuyapokea. Malengelenge ya viganja hayakumruhusu kupiga ya kwake.

Tangawizi Dorkas aliigawa kwa haki. Gunia moja akalirudisha stoo ya usharika. Mengine mawili yakabaki kwake, kwa kuwa hata kazi ya Bwana ina gharama za usafirishaji. Elinaza alipoliona lile moja limerudi hakuuliza lilikotoka. Aliuliza tu kama kuna mtu mwingine aliyeliona.

Loth, aliyetegemea kulipia pikapu kwa tangawizi, akashuka kwa miguu, kwenye barabara aliyoifukua mwenyewe. Alikuwa amevuka kona aliposikia honi. Ni Hezroni, na pikapu.

"Injinia, unaelekea Same? Panda."

Loth akashika mlango wa mbele.

"Nyuma," alisema Hezroni. "Mbele kuna mayai ya Mama Dorkas. Na amesema ukae juu ya magunia yake uyashike vizuri. Likidondoka moja, utamjibu wewe."

Jua lilipozama tangawizi ilikuwa imeingia Same salama, na Loth juu yake, ameikumbatia kwa mikono yote miwili.